Barua ya wazi kwa vijana wa kamati za mtaa Nakuru

Wanangu mlioingia kwa kamati za miradi huku Kaptembwo, Rhonda na Bondeni, salamu kwanza na hongereni. Watoto niliowaona wakicheza mpira wa makaratasi leo ndio wameshika rejista ya mtaa, nashukuru Mungu. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni wiki mbili na nikinyamaza nitakuwa nimewakosea.

Siku ile ya kutoa maoni ya bajeti mkutano uliwekwa gorofani. Jirani yangu, mama wa kiti cha magurudumu, alifika kabla yetu sote, saa mbili hivi, amejifunga leso mpya na karatasi yake ameikunja vizuri mkononi. Lifti hakuna. Mmoja wenu akashuka akamwambia "mama weka sahihi tu hapa," akaweka, akaletewa soda na mkate pale kwa askari wa geti, tukakaa juu mpaka saa saba na hakuna hata mmoja aliyeshuka kumuuliza alikuja kusema nini. Kwa rejista amehudhuria. Na mimi pia nilipanda hizo ngazi nikamwacha, hio ndio inaninyima usingizi. Karatasi nilikuja kuisoma baadaye: choo cha soko mlango ni mwembamba kiti hakipiti, na mtaro wa mbele ya zahanati hauna daraja. Basi. Mambo mawili, na pesa yake si nyingi.

2008 wengi wenu mlikuwa wadogo, wengine mgongoni. Baada ya ile kura ya Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa na kama laki sita wakahama makwao, na wengi waliishia hapa hapa uwanja wa Showground kwa mahema. Nilikuwa huko. Sote tulikuwa tumepoteza nyumba lakini foleni ya unga ilikuwa ya wenye nguvu ya kusukumana, mzee mmoja kipofu hema ya pili kutoka yetu alikuwa anarudi na sufuria tupu kila siku mpaka msichana mmoja wa kujitolea akashika daftari akaanza kuzunguka hema kwa hema akiuliza ni nani hawezi kufika kwa foleni. Unga ulikuwa ule ule, ila sasa ukawa unamfikia.

Katiba tuliipitisha 2010. Kifungu cha 54 kinataka hatua kwa hatua angalau 5% ya wanaochaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, na lugha ya ishara imetajwa humo pia. 2013 ugatuzi ukaanza, tukasema sasa serikali imefika mlangoni. Ile 30% ya tenda za serikali iliyotengewa vijana, akina mama na walemavu mnaijua vizuri sana, sasa nauliza kwa upendo, kwa kikundi chenu cha tenda mmeandika kiziwi hata mmoja?

Kuna na wazee wa Inua Jamii, ile pesa serikali inawapa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, vidole vimelika kwa jembe na mashine ya alama za vidole inavikataa, mzee anahitaji kijana wa kumsindikiza arudi tena. Na wale wanaolala nje ya maduka, tafadhali msiwaite chokoraa kwa mkutano, ulizeni majina.

Wekeni mkutano chini, kwa uwanja wa shule au kanisa. Mkalimani wa ishara atafutwe wiki moja mbele na alipwe, sio kupigiwa asubuhi ile ile. Tangazo lisikae WhatsApp peke yake, wengine simu zao ni za tochi, mzee wa nyumba kumi apite kwa milango. Na saa nne asubuhi mama wa mboga yuko sokoni, jaribuni jumapili jioni.

Mkipanga kikao kingine nitumieni mtoto aniambie ni wapi. Nitakuja na yule mama, kiti nitasukuma mwenyewe, ile karatasi bado anayo.