Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Chanjo ya miezi 18 iwe pia siku ya kumuuliza mama

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka kambi ya polisi, mashariki mwa Uganda. Mimi ni mke wa askari polisi na mama wa watoto watatu, na ninakuandikia kuhusu karatasi moja tu: barua ya rufaa ya kumpeleka mtoto akachunguzwe kama ana usonji (autism), hali ya ukuaji inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, au ile hali ya kutotulia na kushindwa kumakinika ambayo madaktari huiita ADHD. Vituo vya serikali vilifuta ada mwaka 2001, kwa hiyo barua hiyo ni bure. Lakini muulize mzazi yeyote mwenye mtoto wa namna hii aliipataje. Mara nyingi atakwambia iliandikwa na jamaa ya jamaa yake, anayefanya kazi mahali fulani, aliyemwonea huruma.

Kijana wangu alipofika miaka miwili hakuwa akigeuka akiitwa jina. Hakunyoosha kidole kutuonyesha ndege wala gari. Vineno vichache alivyokuwa navyo vilipotea. Kifuniko cha jerikeni kilimtosha asubuhi nzima, akikizungusha. Nikipeleka habari hizi kituoni, majibu yalikuwa mawili. La kwanza, wavulana huchelewa. La pili ni letu sisi watu wa kambi: "Huko kwenu lugha ni nyingi mno, mtoto amechanganyikiwa."

Hilo la lugha naomba nilijibu, maana linawarudisha nyumbani akina mama wengi. Ni kweli, kambini mtoto anaamka na Kiswahili, anacheza kwa Kiluganda, jirani wa kushoto anagomba kwa Kiateso na wa kulia anasali kwa Kilugbara. Lakini wingi wa lugha hauleti usonji, wala haumzuii mtoto kunyoosha kidole. Dada yake alikulia kwenye uwanja huohuo, na kabla ya kutimiza miaka minne alikuwa akiwatukana majirani watatu, kila mmoja kwa lugha yake.

Sasa chukua kadi ya chanjo, Mheshimiwa. Tangu mwaka 2022 wizara yako imeongeza dozi ya pili ya surua na rubela, mtoto akiwa na miezi 18. Nakushukuru kwa hilo. Huo ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana kwa anayejua kuzitazama. Wenzetu wa Marekani wana dodoso la maswali 20, M-CHAT-R, la watoto wa miezi 16 hadi 30. Mzazi anajibu ndiyo au hapana, na dakika chache zinatosha. Na asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo: watafiti wa Makerere walichapisha mwaka 2014 orodha ya maswali 23, wakiwa wameijaribu kwa watoto wa Kampala na Wakiso. Maswali kama hayo hayaamui kwamba mtoto ana usonji. Yanamwambia muuguzi kwamba huyu atazamwe zaidi. Siku hiyo muuguzi anaye mtoto mbele yake, mama yupo, kadi iko wazi mezani. Anachoma sindano, anaandika tarehe, anaita mwingine.

ADHD ina njia yake. Hiyo hujitokeza zaidi mtoto akishaingia shule, na ili daktari aithibitishe, dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali pasipopungua pawili, kwa mfano nyumbani na shuleni pia. Kwa hiyo neno la mwalimu ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Sijaona kituo kinachomwomba mwalimu aandike chochote. Mwalimu naye, mwenye darasa lililofurika, humtuma mtoto nje au hutafuta fimbo, ingawa fimbo imekatazwa. Na wasichana wanaokaa kimya wakitazama dirishani, bila kuandika hata mstari, hakuna anayewapeleka popote. Hawasumbui mtu.

Hata barua ikipatikana, safari bado. Yetu ilikuwa na mstari mmoja: mtoto msumbufu, haongei. Hakuna aliyeuliza kama anasikia, wakati mtoto kiziwi naye hageuki akiitwa. Hakuna aliyeuliza kuhusu degedege, au kama aliwahi kupata malaria iliyopanda kichwani, ambayo huweza kumwachia mtoto matatizo ya utulivu na umakini. Tulielekezwa kliniki ya wagonjwa wa akili watu wazima, tukakaa benchi moja na kijana aliyeletwa na ndugu zake amefungwa kamba. Simlaumu, naye alihitaji msaada. Ila mwanangu aliogopa akapiga kelele mpaka tukaondoka. Tuliporudi kambini habari ilikuwa imefika kabla yetu: ameshapelekwa Butabika. Hatukuwa tumefika Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Jina la hospitali ile limegeuzwa tusi mitaani, wakati ndiko kuliko na kitengo cha taifa cha watoto na vijana, na mama wa Arua au Moroto akitaka kukifikia anapanda basi siku nzima.

Kabla tarehe nyingine haijafika, mume wangu alihamishwa. Kituo kipya kikatuanzisha upya, kwa sababu faili la mtoto halihami na baba yake.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inataka huduma ifike vituo vya ngazi ya chini. Usonji si wazimu, lakini kwa sasa mlango wetu ni huohuo, basi ufunguliwe. Maofisa tabibu wa afya ya akili wapo nchini, wamesomeshwa kwa kazi hii. Wape waraka wenye sahihi yako unaosema wazi kwamba wao, na muuguzi wa chanjo pia, wanaweza kuandika rufaa ya mtoto bila kusubiri daktari mkuu. Fomu iwe na nafasi ya masikio, degedege, malaria na maneno ya mwalimu. Nakala yake ibaki na mzazi. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa itenge siku moja kwa mwezi, ya watoto peke yao, chumba mbali na wodi ya watu wazima. Majengo mapya sijaomba.

Pa kuanzia pia papo. Siku za Afya ya Mtoto huja kila mwezi wa nne na wa kumi, VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini, wakiwa tayari wanazunguka kwa ajili ya vitamini A na dawa za minyoo. Anza na wilaya zenye kambi za askari na makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyaka II, na maswali yaandikwe kwa Kiswahili pia. Baraza la Mawaziri, ambalo wizara yako ina kiti ndani yake, lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Ukihitaji mama wa kuyasoma maswali hayo kabla hayajachapishwa, aseme wapi hayaeleweki, niite. Nitakuja na kijana wangu.

Wako,
Mke wa askari, mashariki mwa Uganda

Nakala: Waziri wa Elimu na Michezo