Barua ya Wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kigoma: Malipo ya Mafundi wa Shule Yawekewe Ukomo wa Siku

Ndugu Katibu Tawala,

Mimi ni fundi ujenzi wa Kasulu. Nimejenga madarasa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule hununua vifaa yenyewe na fundi hulipwa gharama za ufundi kwa hatua: msingi, lenta, kupaua na umaliziaji. Utaratibu wenyewe sina ugomvi nao, kwani ndio uliotumika mwaka 2021 kujenga madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, kila moja kwa shilingi milioni 20, na umewapa kazi vijana wa vijijini.

Shida iko kwenye ukaguzi. Fundi halipwi hatua aliyoimaliza mpaka mhandisi wa halmashauri aje, apime na aridhie, ndipo kamati ya ujenzi na mkuu wa shule waandae malipo. Mikataba niliyosaini ilinibana kwa siku za kumaliza kazi, lakini haikusema mhandisi afike ndani ya siku ngapi tangu aitwe. Katika shule moja tulimaliza lenta mwishoni mwa Septemba. Gari likakosa mafuta, kisha mhandisi akawa safarini, na mvua za Novemba zikatukuta kuta ziko wazi, mbao za kenchi zimelowa, na vibarua wameondoka kwenda kulima huku wakinidai.

Sitaki ukaguzi ulegezwe, maana ni kinga ya fedha za umma: nondo zikishafunikwa na zege hakuna anayeziona tena.

Ninachoomba ni kwamba ofisi yako iwaelekeze wakurugenzi wote waweke kifungu katika kila mkataba wa ufundi, kwamba fundi akishawasilisha taarifa ya maandishi na mkuu wa shule akaigonga muhuri, ukaguzi ufanyike ndani ya siku 7 na malipo yafuate ndani ya siku 14. Mhandisi asipoweza kufika, akague fundi sanifu aliyeteuliwa kwa maandishi, na siku zilizopotea ziongezwe kwenye muda wa fundi. Mikataba ya wakandarasi wakubwa huwa na tarehe za malipo na riba ya ucheleweshaji. Fundi wa kijijini, mwenye mtaji mdogo kuliko wote, hana kinga hiyo.

Naomba maelekezo hayo yatoke kabla ya Julai 1, mwaka mpya wa fedha unapoanza, ili mikataba mipya isainiwe yakiwa yamo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi ujenzi, Kasulu