Mama, sauti kwenye wimbo wa tatu ni yako

Bristol, Novemba

Mama shikamoo. Na wengine wote hapo nyumbani mbukwenyi. Dogo msomee mama taratibu, usiruke mistari kama ulivyofanya kwenye ile barua ya ada, na ukifika pale kwenye kuku usianze kucheka kabla yake.

Mimi mzima, baridi tu. Huku saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia na mimi ndo kwanza naamka maana wiki hii nina zamu za usiku kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nyie najua saivi ni upepo na vumbi, mnaangalia mawingu tu, na barabara yetu ya Nkuhungu sijui kama ile mitaro walimaliza, ah ngoja nisianze.

Mama, ile kazi yangu imetoka tangu Septemba. Inaitwa Ungo. Dogo ananiambia ulimuuliza EP ni nini akakujibu ni albamu iliyoishiwa hela, sio uongo sana lakini ngoja nikueleze vizuri. Unazikumbuka santuri za baba, zile ndogo wimbo mmoja kila upande, zile kubwa zimejaa nyimbo. Basi miaka ya 1950 huko Marekani wakatoa ya katikati, ndogo vilevile ila wamebananisha nyimbo mbili mbili kila upande, hiyo ndo ikaitwa EP. Siku hizi watu wanasikiliza kwenye simu ila jina limebaki, ukiwa na nyimbo nne mpaka sita na hazifiki nusu saa bas una EP. Yangu ina tano, dakika 19, ukiinjika maharage hata hayajaanza kulainika imeisha.

Nyimbo nne nimerekodia ndani ya kabati la nguo chumbani kwangu, maana nguo zinameza mwangwi, nimejifunika blanketi jasho linanitoka na dirishani kuna barafu. Lebo hamna, meneja hamna, anayeandika mimi anayeimba mimi, prodyuza nimemlipa kidogo kidogo kama friji la mkopo.

Sasa ule wa tatu. Nimezunguka na santuri zote hizo kwa sababu naogopa kufika hapa.

Unakumbuka mwezi wa saba ulinitumia voisi ya dakika saba, unapepeta uwele uani huku unanipa habari za mama mdogo na yule mbuzi? Katikati ukasahau kama unarekodi ukaanza kuimba ule wimbo wa bibi wa Mvumi, wa kutwanga. Nilikuwa kwenye basi natoka zamu, mama, nilipitiliza vituo vitatu. Nikamrushia prodyuza akaniuliza hiyo kayamba inayopigwa hapo nyuma ni ya wapi, nikamwambia sio kayamba hiyo, ni mama na ungo wake.

Kazi ikawa kukuweka kwenye gitaa. Jamaa akakupitisha kwenye ile programu ya kunyoosha sauti, inavuta kila noti mpaka ikae sawa na piano. Sasa kuna noti yako moja, ile unayoiacha ining'inie mwisho wa mstari, mashine ikasema umekosea, ikaipandisha. Tulivyosikiliza sikuamini, umekuwa kama yule dada anayesema bonyeza moja kwa Kiswahili! Nikamwambia rudisha, akasema basi gitaa na mama yako hawatapatana, tukabishana mpaka chai ikapoa, mwisho nikamwekea mzee Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, ile albamu yake ya 1996 inaitwa Chibite, na cha ajabu ilitoka kwenye lebo ambayo studio yake iko kijiji kinaitwa Box, sio mbali na hapa ninapokaa. Akasikiliza ilimba, ile ala yetu ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, inavyolia akanyamaza. Noti yako ipo mle mle. Kumbe sisi tunafuata zile sauti zinazojificha ndani ya uzi mmoja ukiupiga, zinatoka zenyewe, piano ndo imesogezwasogezwa ili ikae sawa kila mahali. Bas tukalegeza nyuzi za gitaa moja moja mpaka zikakufikia wewe ulipo. Nyuzi za lile gitaa mpaka leo sijazirudisha zilivyokuwa.

Habari za mbuzi nimezikata, mama mdogo hasikiki popote. Ila mwishoni nimeacha pale unaposema "we kuku, toka hapo!" Juzi nimeimba kwenye baa moja hapa, watu kama 40, wimbo unaisha wote wakapiga kelele wikuku tokaapo, wazungu watupu, hawajui wanamfukuza nani.

Kosa langu ni kwamba sikukuomba. Nilivyokuwa najaza fomu za msambazaji wa mtandaoni, wale wanaokupelekea nyimbo kwenye app za muziki, kuna sehemu inauliza mtunzi, nikaandika jina lako, nikafuta, maana bibi je? Na aliyemfundisha bibi? Nikaandika wa jadi, wewe nikakuweka mwimbaji, jina lako lote la kitambulisho. Fomu haikuuliza kama mwenyewe anajua, na mimi nikabonyeza tuma saa tisa usiku huku nimechoka, halafu miezi miwili nimekaa kimya kila ukinipigia.

Hela sasa. Kule Spotify, app ya kusikilizia nyimbo, wimbo usipofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi kumi na mbili haulipwi kitu. Zangu nne zote hazijafika. Wa kwako ulishapita tangu mwezi uliopita, yani kwenye kazi yangu yote anayeingiza hela ni wewe, hata kama kwa sasa ni ya nyanya tu. Yote itakuja kwenye simu yako, sio nusu. Dogo usijifanye hujasoma hapo.

Ukisema hutaki nautoa, siku chache unakuwa haupo tena. Sitanuna. Nitanuna kidogo. Ila nimeona bora uusikie kwangu kabla mama mdogo hajaukuta kwenye YouTube akaja mbio na simu mkononi.

Jumapili ukitoka kanisani nipigie, saa nane yenu huku ni saa tano asubuhi, nitakuwa nimeamka. Na kama utakuwa unapepeta we pepeta tu, usiache kwa ajili ya simu.

Mwanao