Waje kula kwanza

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Kamalondo hapa Lubumbashi. Naandika juu ya haya mabishano ya dini yanayojaa kwenye simu zetu, huyu anatuma video Waislamu wako hivi, yule Wayahudi wako vile, ukimuuliza ashawahi kula nyumbani kwa mmoja wao, kimya.

Mimi Mkatoliki, misa sikosi. Jirani yangu ni baba mmoja Mwislamu, fundi wa kushona. Tukiwa na sherehe yeye ndiye anatuchinjia kuku, anakuja na kisu chake, anataja jina la Mungu, kisha wote bukari, ugali wetu, sahani moja. Mwenyewe anasema Kurani inamruhusu chakula cha watu wa Kitabu, yaani sisi na Wayahudi, lakini tumeshazoea hivyo na kisu chake kinakata kuliko chetu. Mwaka 2025 Ramadani ilianza mwanzo wa mwezi wa 3 na Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima yetu, ikaangukia tarehe 5, basi tukafunga pamoja, ingawa tuseme ukweli, wao mchana hata maji hawanywi, mi nilikuwa najificha nyuma ya nyumba na kikombe changu cha chai.

Na Wayahudi? Vijana wanadhani ni watu wa kwenye Biblia tu. Si sinagoga iko hapahapa mjini, tangu karibu 1930, mji ukiitwa bado Elisabethville! Wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, wakaja kufanya biashara. Babu yangu alikuwa mpishi kwa mmoja wao. Huko nguruwe haiingii jikoni, sawasawa na kwa fundi wetu, na Ijumaa taa zinawashwa kabla jua halijazama.

Vita ilipoisha ikafika habari kwamba ndugu za yule mzee waliobaki Rhodes walichukuliwa 1944 wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mzee akaketi kwenye kigoda siku saba, hanyoi ndevu, hatoki. Babu hakuna aliyemwambia kitu, dini yao haijui, akaleta mkeka akakaa chini karibu yake, maana kilio anakijua. Alisema siku ya tatu mzee akaanza kumtajia majina ya dada zake, moja moja.

Jumapili mtoto wa dada yangu anapata komunyo ya kwanza. Kuku ni sita, fundi ameshanoa kisu. Wenye video karibuni, ila mje na njaa.

Msomaji wenu, Kamalondo