Amplifaya ya Mzee Imetoka Stoo? Usiichomeke Kwanza

Mzigo wa aina hii sisi mafundi tunaupokea mara kwa mara. Mtu kaenda Mpwapwa au Kondoa kwenye msiba, kafungua stoo ya nyumbani, kakuta amplifaya ya marehemu baba yake imelala chini ya magunia tangu miaka ya tisini. Anaifuta vumbi, anapanda nayo basi mpaka Dodoma mjini, anafika kwake na kuichomeka. Wapo wanaobahatika kusikia muziki. Wengine wanasikia ngurumo kwenye spika, harufu ya kuungua, halafu kimya. Ndipo wanatuletea. Inatuuma sana, maana mashine ile ingeletwa jana yake, pengine ingekuwa kazi ya nusu siku tu.

Kinachoharibika kwanza ni kapasita kubwa za pawa, vile vihifadhi umeme vilivyosimama kama makopo madogo karibu na transfoma. Ndani yake mna majimaji na utando mwembamba mno unaozuia umeme usipite. Zikikaa miaka mingi bila umeme, utando ule unadhoofika, na joto la stoo ya bati linakausha majimaji. Ukizipa umeme wote kwa mpigo zinaweza kupiga shoti, na shoti hiyo inaondoka na dayodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, wakati mwingine na transfoma yenyewe. Kapasita tunapata. Transfoma ya mashine iliyotengenezwa 1978 hupati dukani, itabidi kusukwa upya, na kusuka ni pesa.

Kwa hiyo mashine iliyolala muda mrefu hatuiwashi moja kwa moja. Tuna balbu ya zamani ya waya, wati 100, tumeifunga ili umeme upite kwake kabla ya kufika kwenye mashine. Tukiwasha, macho yote yako kwenye balbu. Ikimulika kwa nguvu mara moja kisha ikafifia mpaka ubaki wekundu kidogo, tunashusha pumzi: kapasita zimejaa, shoti hakuna. Ikiendelea kuwaka kama taa ya sebuleni, tunachomoa hapo hapo. Balbu imebeba mzigo ambao ungeteketeza transfoma. Balbu ya LED haifanyi kazi hii, ndiyo maana hizi chache tulizonazo tunazitunza kama mayai.

Kabla hata ya balbu, tunageuza mashine na kusoma mgongoni. Hapa kwetu umeme ni volti 230. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni za volti 100, na nyingine zimeingia nchini kama mitumba. Hizo zinataka transfoma ya kushusha, hakuna njia ya mkato. Nyingine zina kiswichi nyuma cha kuchagua volti, na kiswichi hicho kikisogezwa na mtoto anayechezea, basi. Tunaangalia na fyuzi pia. Mara ngapi tumekuta imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Aliyefanya hivyo alitaka muziki jioni ile, lakini aliiacha mashine bila mlinzi.

Kuna matatizo mengine yanayotisha bure. Voliumu inayokwaruza, au spika ya upande mmoja inayokatika ukigusa kitufe, mara nyingi ni vumbi letu hili la kiangazi, linaingia hata pale usipodhani hewa inapita. Dawa ya kusafishia, kuzungusha mara thelathini, imekwisha. Dekki ya kaseti isiyozungusha kanda, shida huwa ni mkanda wake wa mpira: umeyeyuka ukawa kama lami, na ukiushika vidole vinabaki vyeusi siku mbili. Spika ambayo sponji yake ya pembeni inamung'unyika ukiigusa kwa ukucha, usiitupe. Koni inayotetemeka na koili ya waya iliyo nyuma yake zikiwa nzima, tunabandika sponji mpya.

Vijana wanaotaka kujifunza huwa tunawaambia waanze na redio kaseti ya betri. Amplifaya inabaki na umeme kwenye kapasita hata baada ya kuchomolewa, na huo unarusha mtu. Unapimwa kwa mita kwanza, unatolewa taratibu kwa rezista, kile kipande kinachopunguza nguvu ya umeme, ndipo mkono unaingia. Na ukibadilisha kapasita, volti iliyoandikwa iwe ile ile au zaidi, kamwe isipungue, na upande wa hasi usikosewe.

Ukija, lete mashine kama ulivyoikuta, bila kuifungua, pamoja na spika zake kama zipo. Tunapima, tunakwambia bei, ukikubali ndipo tunaanza. Na kama kuna kanda au santuri mliyokuwa mkiisikiliza nyumbani, ije nayo. Sisi tunajua vipimo, lakini sauti ya mashine ile ilivyokuwa sebuleni kwenu unaikumbuka wewe.