Mniulize mimi, nipo

Mhariri,

Mwezi uliopita mwanangu alikuja kutoka Arusha akanipeleka kliniki ya presha hapa Moshi. Daktari, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Baada ya hapo hakunitazama tena. "Bibi anameza dawa zake vizuri?" akamuuliza mwanangu. "Na chumvi, amepunguza?" Mtu anayeishi Arusha, chumvi ya jikoni kwangu ataijulia wapi? Mwanangu akajibu ndiyo, anameza kila asubuhi. Daktari akaona presha haijashuka, akaanza kuandika dozi iongezwe. Ikabidi nipaze sauti: "Dokta, kile kidonge nimekiacha wiki ya pili sasa. Kinanivimbisha miguu." Kalamu ikasimama.

Nina miaka 69. Nashona Mbuyuni, na wateja wangu wa zamani nawakatia gauni bila kuwapima upya, vipimo vyao ninavyo kichwani. Lakini dawa alikabidhiwa mwanangu. Mimi muuguzi aliniambia, "Haya bibi, usiwe msumbufu, sawa eeh?" kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto amalize uji.

Sisi husema "usinifanye mtoto". Mjukuu wangu aliyeko chuo akanieleza kuwa Waingereza nao wana neno lao, infantilize, na mzizi wake ni wa Kilatini: infans, yaani asiyesema. In ni kukanusha, fari ni kusema. Wafaransa wakapata humo enfant, mtoto. Neno hilo halijanitoka tangu siku ile. Asiyesema! Ndivyo nilivyokuwa kwenye kile kiti, na ulimi wangu mzima kinywani.

Na kwetu jambo hili si geni. Marehemu baba alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba la kahawa. Ana mke, ana watoto sita, mvi zimeshaanza, anaitwa boi. Neno lenyewe ni la Kiingereza, mtoto wa kiume. Mama hakutaka kabisa lisikike nyumbani.

Simfananishi daktari na mzungu yule. Alinionea huruma, nililiona hilo. Ninachowaomba wahudumu wetu ni kwamba shikamoo ikishaitikiwa, swali linalofuata niulizwe mimi. Nikisahau, mwanangu yupo pembeni atanikumbusha.

Dawa nilibadilishiwa, na miguu imenywea. Mwezi ujao narudi kliniki, na maswali yangu nimeshayaandika kwenye daftari la vipimo.

Fundi cherehani,
Mbuyuni, Moshi