Barua ya wazi kwa vijana wafanyabiashara wa Kibirizi, Mwanga na Ujiji, Kigoma: muulizeni wakili ametokea wapi

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, ila leo sina salamu ndefu maana nimeudhika kwelikweli.

Juzi kijana wetu mmoja wa mawese kesi yake imetupwa nje. Siyo kwamba hakuwa na haki, mzigo alitoa, mdaiwa kakiri mwenyewe kwenye meseji za WhatsApp, na meseji sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inazikubali kuwa ushahidi. Imetupwa kwa sababu hati ya madai iliandikwa na kishoka. Suti anayo, muhuri anao, Kiingereza kinamtoka kama maji ya Malagarasi, ila uwakili hana, na hela ya watu keshakula, simu hapokei.

Mimi nimekaa masijala ya mahakama mpaka nimestaafu, tangu enzi kesi kubwa za huku Kigoma tunazifuata Mahakama Kuu Tabora, na jambo hili nimeliona likijirudia mpaka linauma. Nyie dagaa tu hamnunui bila kutia mkono ndani ya gunia muone chini kuna mchanga au hakuna. Wakili mnamkabidhi deni la maisha yenu bila hata swali moja! Mnaogopa nini? Eti atajisikia vibaya. Wakili wa kweli hajisikii vibaya, anakutolea karatasi.

Sasa sikilizeni. Wakili wa Tanzania Bara anaanza na shahada ya sheria, miaka mitatu au minne. Hapo bado siyo wakili, na hapa ndipo wengi mnapopigwa, mtu anasema nimesoma sheria mnaanza kumwita wakili. Akimaliza chuo anakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Dar, wengi wanaiita Law School, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, na pale siyo mchezo, 2022 matokeo yake yalizua kelele nchi nzima. Akifaulu ndo Jaji Mkuu anamwapisha, jina linaingia kwenye orodha ya mawakili, anakuwa mwanachama wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kile cha tangu 1954. Na kila mwaka lazima ahuishe leseni. Kwa hiyo mwambie nionyeshe ya mwaka huu, halafu ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uandike jina lake, simu unayo mkononi kutwa nzima unaangalia mpira.

Jingine, kwetu leseni ya peke yake ya kesi za biashara haipo. Aliyezoea mirathi na ndoa anaruhusiwa kubeba kesi yako ya mkataba. Kwa hiyo usiishie kwenye leseni, muulize madai ya biashara ameshaendesha mangapi, ya aina gani, ameshasimama Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, ile ya tangu 1999, na kwenye usuluhishi huwa anafanyaje, maana kesi ya madai inapita kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa na mengi yanaisha hapohapo. Mwenye uzoefu atakueleza bila kukutajia siri za wateja wake.

Mengine kwa haraka. Mkataba uandikwe. Ulipiwe ushuru wa stempu, bila hivyo mahakama haiupokei kuwa ushahidi. Ada mkubaliane kwa maandishi, udai risiti. Nakala zako usimpe mtu zote.

Na sisi wazee tuna lawama. Tumewalea mwenye tai asiulizwe, akiongea Kiingereza mnanyamaza hata kama anawaibia. Sheria ilishabadilishwa 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo mtu akikuandikia hati usiyoielewa mwambie akusomee kwa Kiswahili kabla hujatia sahihi. Na vishoka mnawajua, mnakunywa nao chai, hakuna anayekwenda kuripoti.

Wewe mwanangu wa mawese, najua unasoma hapa. Kesi kuondolewa kwa kasoro ya hati siyo kushindwa, unaweza kufungua upya, madai ya mkataba yana miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa na deni lako bado bichi. Kusanya risiti, hizo meseji usifute hata moja, uje nyumbani Jumamosi asubuhi tutafute jina la wakili pamoja.

Mzee wenu, Ujiji